Imekatikia Wapi? Tukimkumbuka Everline wa Golbanti

Wasikilizaji wapendwa, mwenye sufuria jikoni apunguze moto kidogo, na mwenye ng'ombe njiani asogeze redio sikioni. Asubuhi hii tunamzungumzia mtu mmoja tu. Jina lake Everline Hiribae. Alizaliwa Golbanti. Alikuwa na miaka ishirini na minane. Alikufa mtoni siku ya Jumanne, wiki tatu zilizopita, mchana kweupe, akiwa kwenye kazi ambayo hakuna aliyemwajiri.

Narudia, maana Garsen yetu ina midomo mingi na kila mdomo una habari yake. Everline hakuuawa na mtu. Everline alikufa maji, akirudi kutoka ng'ambo kwa mtumbwi, pamoja na mwenzake Kaltuma. Kaltuma yu hai. Shikeni hayo mawili.

Mama yake, Mama Rosina, ni mkulima wa mpunga na mahindi. Tulimkuta uani kwake, ameketi kwenye mkeka. Alitusimulia habari ya uji. Everline ana miaka saba, uji umemwagika wote motoni. Mama anatoka na mwiko mkononi, anauliza, "Nani kamwaga?" Watoto wote wakatimua mbio. Everline akabaki pale pale, amechutama, anachungulia jikoni.

"Akaniambia, mama, figa hili moja limezama, ndiyo maana sufuria limelala upande," alisema Mama Rosina. Akacheka kidogo, kisha kicheko kikamkatika. "Na mwiko nilikuwa nimeshauinua."

Everline alipomaliza kidato cha nne alijitolea miaka miwili katika zahanati moja kama mhudumu wa afya wa kijiji. Huko kulikuwa na muuguzi mmoja mkali. Kila Ijumaa anawakusanya wahudumu wake, anaweka karatasi mezani. Watoto wangapi hawakuja chanjo? Imekatikia wapi? Hakuuliza nani mzembe. Aliuliza wapi. Wakagundua siku ya chanjo inagongana na siku ya mnada wa ng'ombe, na kina mama wote wako Garsen wanauza maziwa. Wakabadilisha siku. Watoto wakaja. Kitu kidogo hivyo. Everline akakibeba kichwani akarudi nacho nyumbani.

Nyumbani akajiunga na Kikundi cha Vijana Kivukoni, cha vijana wa wakulima na vijana wa wafugaji. Kazi yao moja: ng'ombe wakiingia shambani, kikundi kiwahi kabla ya panga kuwahi. Sisi watu wa Tana hatuhitaji kuelezwa. Tunajua mpunga ulioliwa asubuhi unaweza kuzikisha watu jioni. Mwaka ule wa mapigano, tunaoujua wote, wengine wetu tulihesabu makaburi kwa mikono yetu. Hatujasahau, na mtu asituombe tusahau.

Kikundi kilikuwa na mwenyekiti, ndugu Griffin. Kilikuwa na muhuri. Kilikuwa na bango. Siku moja Everline akasimama mkutanoni akauliza swali moja: "Hivi tunasaidia?"

"Eva, unataka kutuharibia kikundi?" Griffin akamwuliza.

"Nataka kujua tu. Tumeenda mashamba mangapi, na wenyewe walituonaje?"

Hakuna aliyejua. Basi akaenda kuuliza yeye, nyumba kwa nyumba, kwa wakulima na kwa wafugaji. Mzee Jarso, mfugaji wa siku nyingi, alimkaribisha chai ya maziwa kisha akamwambia ukweli wake bila sukari. "Binti yangu, mlikuja sita. Mkapiga picha sita. Mkaondoka. Ng'ombe wangu walikuwa bado wamo shambani mwa watu."

Wasikilizaji wapendwa, mtu mwingine angekasirika. Everline alitafuta kipande cha mbao laini, akakipaka rangi nyeupe, akakitundika mahali pa mikutano. Juu akaandika maswali matatu. Tulitaka nini? Imekatikia wapi? Tubadilishe kitu gani kimoja? Kimoja, si kumi. Kinajaribiwa mwezi mzima. Kikifaa kinabaki, kisipofaa kinafutwa na hakuna anayenuniwa. Huo ndio uliokuwa mpango wake wa kuboresha kikundi, na alitumia chaki tu.

Mwezi wa kwanza: simu mifukoni. Hakuna picha mpaka ng'ombe watoke na watu wapeane mikono. Mwezi wa pili: waende wawili. Mmoja wa wakulima, mmoja wa wafugaji, na asiende mtu peke yake kamwe. Naomba mlikumbuke hilo la wawili, tutalirudia.

Everline akapangwa pamoja na Kaltuma, mama kijana wa Kiorma, wa upande wa wafugaji, anayeuza maziwa Garsen, anayekaa ng'ambo ya mto. Kaltuma anajua ng'ombe wa nani wako wapi kwa kuonja maziwa ya asubuhi tu. Vijana pale stendi wakawacheka. "Yaani wewe na muuza maziwa ndio mtatenganisha wanaume?"

Kaltuma akatua madumu yake. "Wallahi, nyinyi wanaume mmetenganisha nini mpaka leo, zaidi ya chapati na sahani?"

Na walitenganisha. Zamani, tangu ujumbe utoke mpaka kikundi kifike, ilikuwa inachukua saa tano nzima. Everline alipima. Baada ya miezi mitatu ikawa saa moja na nusu. Aliandika ubaoni. Mashamba kumi na moja waliyaendea wawili hao, na hakuna hata moja lililotoa damu. Nasema kumi na moja. Picha hazikuwepo, kwa hiyo wageni wanaopenda picha hawakuja.

Waliokuja ni watu wa ofisi moja, nisiyoitaja, kupima kivuko. Walikuja mara mbili. Walinyoosha futi ya kupimia, wakaahidi kamba ya kuvukia na jaketi za kuokolea, wakala samaki, wakaenda. Nakumbuka tarehe zote mbili. Nakumbuka hata samaki.

Mwezi wa kumi Everline akaleta badiliko la tatu. Kila mtu awe na naibu wake, wa upande wake. Alisema hivi: "Simu huzimika. Mtu huugua. Mto hujaa. Mmoja asipopatikana, naibu aende." Lakini kikundi kilikuwa kinatarajia mgeni mkubwa. Mkutano mzima ukaishia kwenye rangi ya tisheti. Kijani au buluu? Kola au bila kola? Jua likazama. Griffin akasema, "Hilo la manaibu tulisukume mwezi ujao." Likasukumwa. Na tisheti zilipofika zilitangazwa kwenye redio hii, kwa shangwe. Sauti iliyozitangaza ni hii mnayoisikia.

Mwezi ujao haukumkuta.

Jumanne ile mto ulikuwa umejaa. Mvua ilinyesha bara, maji yalishuka huku yakiwa mekundu, yamebeba miti. Saa tatu asubuhi ng'ombe wakaingia kwenye mpunga, nyuma ya Golbanti. Ujumbe ulimfikia Everline kwa dakika kumi. Akampigia Kaltuma. Hapatikani. Akapiga tena. Hapatikani. Simu ya Kaltuma ilikuwa Garsen, kwenye duka la kuchajisha, aliiacha jana yake kama sote tunavyoacha.

Saa nne. Saa tano. Vijana wa mashambani wakaanza kukusanyika na panga zao. Wachungaji upande wa pili wa shamba nao wamesimama na fimbo. Kijana mmoja akamwambia Everline, "Si uende peke yako tu? Wewe si wa huku?"

"Ndiyo maana siwezi kwenda peke yangu," akajibu.

Akashuka kivukoni kwa Mzee Kombe, mvushaji, mkulima mwenzao mwenye mtumbwi. Mzee Kombe alitueleza mwenyewe, macho yake yakiangalia chini. "Nilimwambia, mwanangu, leo mto una magogo. Akaniambia, mzee, wewe piga kasia, magogo niachie mimi niyaangalie."

Wakavuka salama. Kaltuma alikuwa anasafisha vibuyu vya maziwa. Hakuuliza mengi. Alifunga ushungi wake, akaingia mtumbwini. Katikati ya mto, wakirudi, gogo lililozama likainuka chini yao. Mtumbwi ukapinduka.

Everline aliogelea mto huo tangu hajaota meno ya pili. Kaltuma hajui kuogelea. Sikilizeni maneno yake, tunayaleta kama alivyoyasema.

"Alinishika mkono akaupeleka kwenye mtumbwi. Akasema, shika hapa, usiachie. Nikashika. Nikageuka kumwambia nimeshika. Hayupo."

Mzee Kombe alimvuta Kaltuma mpaka ukingoni, akarudi majini mara tatu. Hakumpata. Alipotoka mara ya tatu alimkuta Kaltuma amesimama, maji yanamchuruzika, anaelekea shambani.

"Unakwenda wapi, mwanangu?"

"Wanatungoja."

Mzee Kombe akautazama mto. Akamtazama Kaltuma. Akauacha mtumbwi wake uende na maji. "Basi hutakwenda peke yako," akasema.

Wakafika shambani wawili. Mkulima mmoja, mfugaji mmoja, wote wameloa. Kaltuma akawaambia waliosimama pale maneno machache, Everline amebaki mtoni. Panga zikaanguka, fimbo zikaanguka, wote wakakimbilia kivukoni. Ng'ombe walitolewa na wazee. Kesho yake, jirani na kijiji cha Chara, mwili ukapatikana na vijana wa pande zote mbili, waliotafuta usiku na mchana. Shamba la kumi na mbili, wasikilizaji. Nalo halikutoa damu.

Ingeishia hapo ingekuwa huzuni tu. Lakini siku ya tatu ya matanga maneno yalikuwa yameshafika Garsen na kurudi. Nani alizima simu? Nani alimwita avuke? Kwa nini yule wa kwao alipona na wetu akafa? Nawajua walioyasema. Nimewasikia wakisema hivyo hivyo mwaka ule, kwa sauti ile ile.

Kaltuma akaja msibani na dumu la maziwa. Vijana wawili wakamzuia mlangoni. Mmoja akasema, "Wewe rudi kwenu." Mama Rosina akatoka ndani, kichwa wazi, hana kiatu.

"Mwanangu aliwafundisha kuuliza nini?"

Vijana wakatazama dumu la maziwa.

"Nawauliza nyinyi. Aliwafundisha kuuliza nini?"

Akasema, "Mpisheni. Na leteni ule ubao wake."

Ubao ukaletwa, ukaegemezwa kwenye kiti mbele ya waombolezaji. Mama Rosina akamwita Griffin, akampa chaki.

"Niandike nini, mama?"

"Andika Everline hakufika. Halafu uliza imekatikia wapi."

Griffin akaandika. Chaki ilimkatika mara mbili. Wa kwanza kujibu alikuwa Kaltuma. "Imekatikia dukani kwa chaji." Mzee Kombe akasema, "Imekatikia kivukoni. Hakuna kamba, hakuna jaketi, na mimi nilikubali kupiga kasia." Griffin aliyaandika hayo, ameupa umati mgongo. Kisha akasema, "Imekatikia kwenye mkutano wangu wa tisheti." Na nyuma kabisa, mtangazaji mmoja aliyekwenda kutoa pole akainua mkono akasema, "Imekatikia redioni pia." Yote yakaandikwa.

Ndipo yule kijana wa mlangoni akasema alichokuwa nacho moyoni. "Basi tufute hii sheria ya wawili. Ndiyo iliyomuua. Kila upande uangalie mambo yake."

Watu wakaitikia. Wengi, wasikilizaji wapendwa. Wakulima wakaitikia, na wafugaji waliokuja kuzika wakaanza kusimama waondoke. Mnajua kitu hicho kikifutwa kinachofuata ni nini.

Mama Rosina hakupandisha sauti. "Angekwenda shambani peke yake angekuwa hai labda. Na panga zile? Mngekuwa mnazika wangapi leo, na mimi ningekuwa nalia peke yangu au na mama zenu?" Akamgeukia Griffin. "Mwanangu aliomba kitu kimoja mkamwambia mwezi ujao. Huu ndio mwezi ujao. Andika manaibu."

Griffin akaandika, jina moja moja. Naibu wa Kaltuma akawa Bishara, mfugaji anayekaa upande huu wa mto. Akafika mahali pa Everline, chaki ikasimama.

"Niandike mimi," akasema Mama Rosina.

"Mama, hiki ni kikundi cha vijana."

"Nina miaka hamsini na saba. Andika kijana mzee."

Kaltuma ndiye aliyecheka kwanza, halafu akalia, na msiba mzima ukalia naye.

Wasikilizaji wapendwa, kwa Mama Rosina, kwa ukoo wa Hiribae, kwa Kaltuma, kwa Mzee Kombe ambaye bado hana mtumbwi mwingine, na kwa vijana wote wa Kivukoni, pokeeni pole zetu. Mungu ampumzishe Everline. Na ile ofisi iliyokuja na futi mara mbili, leo nimejizuia nisiulize nani. Nauliza wapi. Ile karatasi ya vipimo imekatikia kwenye meza gani?

Na wewe uliyeketi karibu na redio hii: leo kitu kikiharibika nyumbani kwako, kanisani, msikitini, kwenye chama chenu, kabla hujainua mwiko, chutama kwanza uangalie figa.

Namalizia na habari ya Jumamosi iliyopita. Ng'ombe waliingia kwenye mahindi, Golbanti. Ujumbe ulitoka saa mbili na dakika kumi. Simu ya Kaltuma haikupatikana tena. Naibu wake akaitwa. Saa tatu kasorobo, Bishara na Mama Rosina walikuwa wamesimama shambani, wawili. Dakika thelathini na tano. Mama Rosina aliomba chaki akaandika namba hiyo mwenyewe, pole pole, na chini yake akaongeza maneno matatu.

Hakuna aliyevuka mto.