Timokseno wa Akarne, Mpiga Mbiu Aliyepaza Alichoambiwa

Ndugu wa ukoo, majirani wa Akarne, wenzake wa kikosi, nanyi maofisa wawili wa kabila mliosimama kando pale: mimi ni Eutido, mdogo wake marehemu, mshona ngozi za ngao. Nimepewa kazi ya kusoma maisha ya kaka yangu, na nimeombwa niyasome kwa upole. Nitajaribu.

Marehemu Timokseno mwana wa Filagro alizaliwa hapa Akarne, mwezi wa Thargelion, siku ya saba, miaka sitini na minne iliyopita, mwaka ule baridi ilipounguza mizeituni ya bonde zima. Alikuwa mtoto wa kwanza, mimi wa tatu. Wa kati hakuishi. Baba yetu alichoma mkaa mlimani Parnetha na kuuza Athene. Timokseno alikuwa hajang'oka meno ya utoto alipoanza kutangulia punda akinadi mkaa, na wanawake wa mtaa wa wafinyanzi walikuwa wakitoa vikapu mlangoni kabla punda hajakata kona. Sauti ile hakuisomea. Alizaliwa nayo, na mama alisema ilimchosha tangu wiki ya kwanza.

Alisoma kwa mwalimu wa herufi miaka mitano. Kusoma alikuweza, kinubi kilimshinda. Lakini elimu yake hasa aliipata alipofika miaka kumi na minane, akapelekwa ngome ya mpakani kwa miaka miwili kama vijana wote wa raia. Huko alifundishwa maneno ya jeshi. Nyinyi mliobeba ngao mnayajua: jeshini hakuna kulia wala kushoto, kuna mkukini na ngaoni, maana mkono wa kulia una mkuki na wa kushoto una ngao, na mtu aliyeshikwa na hofu husahau kulia ni wapi lakini hasahau mkuki wake. Alirudi nyumbani na maneno hayo, na hakuyaacha tena. Hadi kiangazi kilichopita mjukuu wake alikuwa akiambiwa, "Chumvi iko ngaoni mwa bakuli," naye anaichukua bila kuuliza.

Alirudi pia na jambo lingine, ambalo ndilo lililomponza. Alitufundisha kwamba kuamuru, kuhimiza na kupaza ni kazi tatu, na kila moja ina mwenyewe. "Jemadari huamuru," alikuwa akisema. "Afisa huhimiza. Mimi hupaza tu. Siku nitakayotia neno langu moja ndani ya agizo, nimekuwa mwizi."

Akiwa na miaka ishirini na minne alikabidhiwa fimbo ya mpiga mbiu wa kikosi cha kabila letu la Oinei. Aliishika miaka ishirini na tisa. Kazi yake ilikuwa na utaratibu, nanyi wazee wa kikosi mtanisahihisha nikikosea. Jemadari anamwambia agizo sikioni. Yeye analirudia polepole, macho kwa macho, mpaka jemadari aitikie. Ndipo analipaza. Mstari ukiwa mrefu, sauti haifiki, basi agizo linakwenda mtu kwa mtu hadi wa mwisho, na wa mwisho analirudisha kwa njia ile ile mpaka linarudi mbele kwa mpiga mbiu. Likirudi jinsi lilivyoondoka, jeshi liko salama. Miaka ishirini na tisa, hakuna agizo lake lililorudi limepinda.

Alimwoa Aristila binti wa Kleotimo, mwezi wa harusi, mwezi wa Gamelion, akiwa na miaka thelathini na mmoja. Usiku wa kumpeleka bi harusi, mkokoteni ulianza kurudi nyuma kwenye mteremko wa kisima. Bwana harusi akapaza, "Kaa hivyo hivyo." Nyumbu akasimama. Wageni wote waliowahi kwenda vitani wakasimama pia, mguu mmoja hewani, na baba mkwe akaganda na kikombe mdomoni. Shemeji yangu Aristila alicheka mpaka ushungi ukamdondoka. Kila mara walipogombana, yeye ndiye aliyempa amri hiyo mumewe, na mumewe alitii. Walijaliwa binti mmoja, Hedile.

Sasa nafika Drabe. Najua kuna waliotaka niruke. Siruki.

Miaka kumi na mmoja iliyopita, mwezi wa Boedromion, siku ya ishirini, kikosi chetu kilikuwa mbele ya mji wa Drabe, pwani ya Thraki, chini ya jemadari Nausimene. Walikuwa wameusogelea ukuta kuuangalia tu. Ndipo miguu ya farasi ikaonekana chini ya lango, na ikawa wazi kwamba watu wa ndani wako tayari kutoka. Nausimene akataka kurudi mtoni, na mto ulikuwa upande wa kushoto. Mkiangalia ukuta kisha mkageuka kushoto, lango linabaki upande wenu wa kulia, upande usio na ngao. Hata mimi mshona ngozi nalijua hilo.

Pale mbele walikuwa watatu: jemadari, mpiga mbiu, na Tibio, mtumwa aliyembebea Nausimene ngao. Nausimene akasema, "Ngaoni, geuka."

Kaka yangu akalirudia kama desturi. Jemadari akaitikia. Kaka yangu akalirudia mara ya pili, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani.

"Wewe Timokseno," Nausimene akamwambia, "nilikuchagua koo au kichwa?"

"Koo, jemadari."

"Basi fanya kazi ya koo."

Akapaza. Wakageuka. Lango likafunguka. Watu arobaini na watatu wa kabila letu walichomwa mbavuni, na baadhi yao wana watoto waliosimama hapa asubuhi hii. Agizo lile lilikwenda hadi mtu wa mwisho, lakini halikurudi mbele, kwa sababu waliopaswa kulirudisha walikuwa wamelala chini.

Mwaka wa utumishi ulipokwisha, Nausimene aliitwa mahakamani atoe maelezo. Akapanda jukwaani na watoto wake watatu wanalia, akasema hakutoa agizo lolote. Akasema mpiga mbiu alitishika akapaza la kwake. Aibu gani ile. Kaka yangu alipopewa nafasi alisema, "Aliniambia ngaoni. Nikapaza ngaoni," akashuka. Hakulia, hakuleta mtoto. Wale wazee wa mahakama, waliozoea kuliliwa, wakaona mtu asiyelia ndiye mwongo. Wakamnyang'anya fimbo. Wakamkataza kukanyaga soko wala hekalu, na kupaza neno lolote mbele ya watu hadi kufa kwake.

Kulikuwa na njia moja ya kumsafisha jina. Tibio alisikia kila kitu. Lakini sheria yetu, ambayo tunajivunia, haisikilizi neno la mtumwa mpaka afungwe kwenye gurudumu na kuteswa. Kaka yangu alitakiwa adai tu. Nausimene akikataa kumtoa, watu wangejua nani mwongo. Akikubali, Tibio angesema. Nilimfuata uani nikamwambia.

"Kaka, dai ateswe. Sema neno moja."

"Nani atatoa agizo hilo?"

"Si wewe."

"Mdogo wangu, sijawahi kutoa agizo. La kwanza langu liwe la kumvunja mtu mifupa?"

"Ni mtumwa, kaka. Wewe ni raia, una mke, una binti."

"Ana mbavu kama za wale arobaini na watatu," akasema. "Nimetosheka."

Nilimwita mpumbavu mbele ya mkewe. Sikuingia nyumbani kwake miaka miwili. Nalisema hapa mbele ya maiti yake kwa sababu nimemsema Nausimene, na si haki nijiache.

Alirudi kuchoma mkaa. Mkwewe Kefisio, mume wa Hedile, ndiye aliyeupeleka mjini, kwa kuwa mwenyewe hakuruhusiwa sokoni. Mimi nilimkuta mara nyingi akimfuata mbwa wake hadi bonde la pili ili amwite kwa sauti ya chini. Watu wakadhani ni aibu. Alikuwa anatii hukumu, na aliitii kuliko walivyostahili waliomhukumu.

Alianza kuumwa koo kiangazi kilichopita. Tabibu alisema ni moshi, akampa asali na uji mwepesi wa shayiri. Kufikia mavuno ya zeituni sauti ilikuwa imekwisha kabisa, akawa anatuonyesha kwa mkono, mkukini, ngaoni. Alifariki nyumbani kwake siku ya kumi na nne ya mwezi huu wa Gamelion, mkono wake ndani ya mkono wa Aristila.

Juzi, tulipokuwa tumemlaza mlangoni, alikuja mzee mmoja kwa miguu kutoka Pireo. Akanawa kwenye mtungi wa maji ya msiba, akakaa chini. Alikuwa Tibio. Nausimene alikufa mwezi uliopita kitandani mwake, kwa heshima zote, na wosia wake ulimwachia Tibio uhuru. Mtu huru husema bila gurudumu. Nilikimbia naye kwenye ofisi ya kabila. Nikajibiwa kwamba kesi ya mtu aliyekufa haifunguliwi, na kwamba jiwe la kaburi lisichorwe fimbo ya mbiu. Maofisa wawili, ndiyo, nawasemea nyinyi. Fimbo imeshachongwa. Fundi alimaliza jana. Anayetaka kuifuta aje na patasi yake mchana, sisi wote tukimtazama.

Marehemu amemwacha mjane wake Aristila. Binti yake Hedile na mkwewe Kefisio. Mjukuu wake Filagro, aliyebeba jina la baba yetu. Mimi mdogo wake. Wazee kumi na wanane wa kikosi. Na Tibio, ambaye mifupa yake ni mizima.

Kabla ya udongo, nawaomba wazee mjipange mstari mmoja kutoka hapa kaburini hadi kwenye ukuta wa shamba. Tibio, simama mwisho. Mwambie aliye mbele yako ulichokisikia Drabe, naye amwambie wa mbele yake, mpaka linifikie. Sisomi tena mpaka lifike.

Limefika. "Ngaoni, geuka. Neno la Nausimene."

Limechukua miaka kumi na mmoja, kaka, lakini limerudi mbele, nalo halikupinda.

Timokseno mwana wa Filagro, mpiga mbiu wa Oinei: mkuki chini, ngao chini, pumzika. Agizo hili nimelitoa mimi.