Maziwa ya Mafundi Rangi wa Chamazi

RISALA KWA MWENYEKITI WA KAMPUNI, SIKU YA KUFUNGUA GHALA LA KWANZA

Mgeni rasmi, Mwenyekiti wa kampuni yenye maghala haya. Viongozi mliofuatana naye. Majirani na mafundi wenzetu: shikamooni wakubwa zetu, wadogo habari zenu. Karibu Chamazi, na pole kwa vumbi la njiani. Ukuta ulio nyuma ya kiti chako umeshakauka, egemea bila wasiwasi, hautaichafua suti yako.

Anayesoma risala hii ni Salma, katibu wetu. Aliyezoea kutusomea ni fundi mkuu wetu, Mwinshehe, yule pale mbele aliyevaa koti jua lote hili. Kwa nini hasomi yeye, ndiyo habari tuliyokuja nayo.

TULIKOTOKA

Umoja wetu ulianzia barazani kwa Mwinshehe, kwa mafundi waliochoka kunyang'anyana vibarua. Wengine ni wenyeji wa hapa hapa, wengine tumetoka Lindi na Mtwara. Tulianza na rola na ndoo. Tangu siku hizo sauti ya Mwinshehe ndiyo sauti yetu. Msikitini aliadhini yeye, harusini alisherehesha yeye, na risala alikuwa anaitiririsha mpaka wageni wanauliza huyu bwana anavuta pumzi saa ngapi.

TUNAYOJIVUNIA

Tunajivunia kujua kuchagua. Jengo kubwa la biashara halipakwi kwa mazoea. Ukuta wa nje wenye majirani karibu unataka rola: inakwenda polepole, lakini rangi inabaki ukutani. Mabati na vyuma vya ghala vinataka pampu inayosukuma rangi yenyewe bila kuichanganya na upepo; ina kasi, na ukungu wake ni mdogo. Kompresa, ile mashine ya upepo, inaipasua rangi ikawa moshi. Hiyo ni ya mageti na milango, tena mahali pa wazi.

Na kabla ya yote, Mwinshehe hufunga kipande cha khanga kuukuu ya mkewe kwenye fito, akaangalia upepo unakwenda wapi. Wenzake humtania kwamba anapandisha bendera ya mama mwenye nyumba. Yeye hucheka tu. Khanga ikitulia, ndipo tunaanza kupiga rangi.

YALIYOTUKUTA

Mgeni rasmi, siku tulipoanza kupaka ghala hili khanga haikutulia. Mwinshehe alikufuata getini, kofia mkononi.

"Bosi, ghala hili linataka pampu. Tukaikodi mjini, keshokutwa iko hapa."

"Mzee, ufunguzi una tarehe yake. Kompresa ipo stoo. Nyie ni mafundi au mawakili?"

Moyo ulimwambia, Mwinshehe, kataa. Akageuka kututazama sisi, tuliokaa muda mrefu bila kazi, akatukuta kila mmoja kainamisha macho. Akajua kwamba akikataa yeye, tutakubali sisi. Akaenda kuwasha kompresa.

Haikufika adhuhuri, ukungu wa rangi ukatua juu ya gari lako. Hukututukana, hilo tunalisema kwa haki. Ulisema tu, "Fungeni milango, pakeni ndani kwanza." Kisha ukatuma katoni za maziwa, ati yasafishe vifua. Nasi tukayapokea kwa shangwe, maana sisi mafundi rangi tumekuzwa na imani hiyo: ukipiga rangi, kunywa maziwa. Barakoa hakuna, lakini maziwa yapo, basi roho zikatulia.

Mwinshehe akajifunga kitambaa puani, akapanda kule juu kwenye vyuma vya dari, mahali alipokataa kumtuma mwingine. Thina ya kuzimulia rangi ilikuwa inachoma macho. Kila akishuka alikunywa maziwa, akajiambia ni siku chache tu, akapanda tena.

Maziwa yalikwenda tumboni, mgeni rasmi. Rangi ilikwenda kifuani. Daktari alipotueleza hivyo tulitazamana kama watoto.

Siku hizi haadhini. Mkewe, Mwajabu, anasema hata akimwita binti yao kutoka chumbani, sauti inaishia mlangoni.

"Baba Nusaiba, pumzika," humwambia.

"Nimepumzika mpaka nimechoka," humjibu.

Tunaumia, na tuna hasira. Tumekatazwa kuyasema haya leo, lakini tumeyasema. Haraka haraka haina baraka, wahenga hawakukosea. Ghala limependeza, kila apitaye analisifu. Sisi tukipita tunaangalia upande wa pili.

TUNAYOOMBA

Ghala la pili linaanza Jumatatu. Kompresa tumeiona imeshatolewa stoo. Aliyepangwa kupanda juu ni fundi mwenzetu Leonardi, ambaye mpaka leo hii kifua chake ni kizima.

Tunaomba pampu. Tunaomba barakoa za kuchuja mvuke, siyo vitambaa. Milango iachwe wazi. Gari lako tutalifunika turubai kwa mikono yetu wenyewe. Tarehe ya ufunguzi isogezwe kama italazimu, na matibabu ya Mwinshehe yabebwe na kampuni. Bila hayo, Leonardi hapandi, wala hapandi mwingine yeyote. Safari hii hakuna aliyeinamisha macho. Tutazame.

Zile katoni za maziwa zilizofungwa utepe pale mezani, za kutupongeza, tumeziona. Ahsante, ila tunaomba usitukabidhi. Mwinshehe naye anaziona.

KUAGANA

Mwenyezi Mungu akufikishe nyumbani salama, akulindie watoto wako, akujalie pumzi ndefu.

Kwa desturi yetu, jina la umoja hutajwa na Mwinshehe mwisho wa risala, kwa pumzi moja. Tulimwambia leo aache. Amekataa, anasema hili ni lake. Atakatika katikati, atashika kifua, halafu ataendelea. Tunaomba usipige makofi kabla hajamaliza, na usiangalie saa.

Ni sisi,

Umoja wa Mafundi Rangi wa Majumba, Maghala na Viwanda, Chamazi, Temeke.