Dakika Arobaini na Saba za Mfukoni

Benchi la mbele ya kibanda cha fundi viatu lina miguu mitatu na matofali mawili, na anayekaa upande wa matofali hatakiwi kucheka kwa nguvu. Asubuhi hiyo upande huo alikaa Fundi Bati, mwezeka mapaa, na hakuwa na dalili yoyote ya kucheka. Kahawa yake ilikuwa imepoa mpaka Mama Birika, anayeiuza, akaona kama ametukanwa. Fundi Bati alikuwa ameiinamia simu yake ya vitufe, ile yenye ufa wa kioo tangu mwaka jana alipoikalia, akisoma maneno yaleyale kwa mara ya ishirini: amempigia Mwalimu Mkuu, jana saa tano asubuhi, dakika arobaini na saba. Wala hakumpigia. Mfuko wa suruali ndio uliompigia.

Sasa sikia balaa lenyewe. Mwalimu Mkuu alikuwa anatafuta mtu wa kuezeka upya madarasa manane. Mafundi watatu walipeleka makadirio, na jibu lilikuwa leo, kabla ya saa sita. Kwa miaka kumi na minane Fundi Bati ameezeka mabanda ya kuku, vyoo na vibaraza vya watu, na kila akipita chini ya paa kubwa huliangalia kama mtu anayemwangalia mchumba wa mwenzake. Hii ndiyo ilikuwa nafasi yake. Na jana saa tano alikuwa wapi? Juu ya paa la duka, yeye na shemeji yake, wanagombana.

Alikumbuka kila kitu, ndiyo taabu. Alimtukana shemeji pamoja na ukoo wake wote, akasahau kwamba ukoo huo ndio wa mke wake. Aliimba, na hana sauti. Halafu akamsema Mwalimu Mkuu mwenyewe.

— Ulimsemaje? Soli, mwenye kibanda, aliuliza bila kuinua macho kwenye kiatu.

— Nilisema maswali yake ni mengi kuliko misumari yangu.

Soli alisema si tusi kubwa hilo. Mama Birika akamjibu kwamba kwa mwalimu, hilo ni tusi lenye mtaji.

Basi kijiwe, ambacho hakijawahi kumwacha mtu na tatizo moja kama anaweza kupewa matatu, kikaanza kazi.

Soli alianza kwa upole. Simu, alisema, inataka ala ya ngozi ya kufungwa kiunoni, na ngozi anayo, ya buti la askari mmoja aliyehama bila kuja kulichukua. Ala yenye bizimu tatu, kama za mkanda. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

— Na ikiita nafungua bizimu tatu nikiwa juu ya ngazi?

— Anayekutaka kweli atasubiri.

Hapo Mzee Antena akaweka kikombe chini. Huyu ametengeneza redio tangu enzi za redio kubwa kama kabati, na hakuna jambo ambalo haligeuzi likawa la mawimbi. Alieleza kwamba kosa si la mfuko, ni la paja. Paja lina joto na lina damu inayopita, na simu ikikaa humo gizani inadhani imeshikwa na kidole cha mtu mnene. Dawa yake ni kuizungushia karatasi ya fedha, ile ya kwenye pakiti za sigara. Soli akamuuliza kama si karatasi hiyohiyo aliyoiweka kwenye redio yake, ikaacha kusema mpaka leo. Mzee akasema ile redio inapumzika.

Mama Birika naye hakukubali kuachwa nyuma. Kwa maoni yake simu inajua. Mtu akikukaa moyoni, simu inasikia, inampigia. Ndiyo maana haikumpigia muuza mkaa, ikampigia Mwalimu Mkuu. Tiba ni kuiweka ndani ya kopo la maziwa ya unga na kufunga mfuniko. Mficha uchi hazai, aliongeza, na wenzake wakatikisa vichwa, ingawa hakuna aliyejua kopo na uzazi vinakutana wapi.

— Mnahangaika bure, Mzee Antena akasema. Betri mfuko wa kulia, simu mfuko wa kushoto. Zisionane.

— Halafu mtu akinipigia, mzee?

— Hakupati. Si ndiyo usalama wenyewe?

Fundi Bati, kwa kuchoka tu, akaiweka simu benchini, akaupindua mfuko wake nje wauone vizuri kama una laana. Zikaanguka benchini penseli, chaki, funguo na misumari sita ya bati yenye raba zake. Wote wanne wakaitazama ile misumari kwa makini. Kisha Soli akarudi kwenye bizimu.

Wakati huo Mwalimu Mkuu akatokea kwenye kona.

Alikuja kwa miguu, mwanamke mfupi mwenye bahasha kwapani, anatembea kama kengele imeshalia. Fundi Bati alitamani benchi lingekuwa na mgongo ajifiche nyuma yake. Alisimama haraka, upande wa matofali ukayumba, kahawa ya baridi ikamwagika yote kwenye kiatu cha mteja wa Soli.

— Shikamoo, mwalimu.

— Marahaba, fundi. Nilipokea simu yako.

Fundi Bati akaanza kuomba radhi, akianzia na wimbo, ambao aliona ndio mdogo, apande taratibu mpaka kwenye maswali na misumari. Mwalimu Mkuu akamkatiza kwa mkono.

— Nilitaka kukata. Ila nikasikia mnagombana nikabaki, maana nilitaka kujua mnagombania nini. Shemeji yako alipiga mstari mzima wa misumari bondeni mwa bati, panapopita maji. Ukamwambia ang'oe. Akakuuliza nani atapanda huku juu kuangalia. Ukamjibuje?

Fundi Bati akaitazama misumari yake pale benchini.

— Nilimjibu mvua itaangalia.

— Na mkang'oa?

— Tuling'oa yote. Lile bati lilishatoboka, tukalitoa, tukaweka jingine.

— Nilisikia. Nyundo ilichukua nusu saa, ofisi nzima imekaa kimya inasikiliza paa la watu. Fundi, shule yangu iliezekwa na mtu aliyejibu maswali yangu vizuri sana. Leo mvua ikinyesha, watoto wa darasa la nne wanajua kuhamisha madawati kuliko wanavyojua kuzidisha.

Akampa ile bahasha. Ndani kulikuwa na mkataba, madarasa yote manane, na kazi inaanza Jumatatu. Fundi Bati aliusoma mara mbili, akaukunja, akaufungua tena. Machozi yalimlengalenga, wala hakujali nani anaona. Soli alipiga kisigino cha kiatu kwa nyundo kama anapiga ngoma. Mama Birika akamiminia kila mtu, mpaka birika likatoa tone la mwisho. Mzee Antena akasema tangu mwanzo yeye alijua lile paja lina baraka.

Mwalimu Mkuu alimaliza kikombe chake, akaiangalia simu pale benchini katikati ya misumari.

— Nina swali, nanyi mnajua yangu hayaishi. Kwani simu hii vitufe vyake havifungwi?

Soli akamtazama Mzee Antena. Mzee Antena akatazama angani, kwenye mawimbi yake. Mama Birika akalitikisa birika tupu. Mwalimu Mkuu akaichukua simu, akabonyeza vitufe viwili tu, kioo kikaonyesha alama ya kufuli. Akairudisha kwa mwenyewe, na misumari akaiokota benchini, akamtilia mfuko wa pili kwa mkono wake, mbali na simu.

— Haya. Sasa imefungwa. Ukiwa juu ya madarasa yangu hakuna atakayekusikia tena. Misumari utapiga wapi?

Swali hilo kijiwe kizima kilingoja kumsaidia kujibu, naye hakuwapa nafasi.

— Mgongoni mwa bati, mwalimu.