Annet Mideva Shiundu, 1987–2025: Dada Aliyesoma Majani ya Michungwa

Naitwa Duncan Makau, fundi wa kuchomelea, Kawangware. Marehemu alikuwa dadangu, mama mmoja, baba tofauti. Mnivumilie, kwa sababu mengi ya haya sikuyaelewa, na mengine bado siyaelewi.

Annet alizaliwa tarehe 14 Machi 1987, Makina, Kibera. Mama yetu, marehemu Kathini, aliuza matunda Soko la Toi. Babake, Mzee Shiundu wa Vihiga, hakukaa na mama, lakini kila shule zikifunguliwa alikuja kumpeleka yeye mwenyewe. Annet alisoma shule ya msingi karibu na Olympic, hapo hapo Kibera, sekondari Kawangware, halafu akapata diploma ya ufundi wa maabara mwaka 2009.

Tangu 2011 alifanya kazi kwenye maabara ya utafiti wa mimea upande wa Kabete. Hapa ndipo mimi hupotea. Alichunguza kloroplasti, vile vitu vidogo vya kijani ndani ya jani vinavyoutengenezea mti chakula kwa mwanga wa jua. Ati vina vinasaba vyao vyenyewe, herufi kama laki moja na elfu sitini, mti huvirithi kwa mti mama, na hubadilika polepole mno, kwa hivyo ukilinganisha miti unajua nani ni ndugu ya nani. Mchungwa, mlimau na mbalungi, kumbe kwa upande wa mama ni ukoo mmoja. Hata mjafari wa porini ni jamaa yao wa mbali. Nilimuuliza nani alikuwepo akaona. Alicheka, akaanza upya, nami nikapotea upya.

Siku moja mama alikuta majani makavu ya mjafari kwenye mkoba wake, akayachemsha anywe dawa ya kikohozi. Zilikuwa sampuli za miezi miwili. Annet alitazama kikombe, akauliza tu kama kifua kimefunguka.

Hakuolewa, na aliyemuuliza sababu alitumwa dukani.

Novemba 2024 figo zilianza kumsumbua. Alifariki Alhamisi, tarehe 8 Mei 2025, saa nne asubuhi, nikiwa nimemshika mkono. Mpaka leo sijui niliachilia saa ngapi.

Jumanne, upande wa Mzee Shiundu ulikuja kuomba azikwe Vihiga. Niliogopa kumpoteza mara ya pili. Nikasimama nikawaambia, Annet mwenyewe alisema kile cha kijani hutoka kwa mama peke yake, basi mtoto ni wa mama. Mzee akainamisha kichwa, akakubali, na ndiyo maana leo tuko Mwingi, nyumbani kwao mama, kando ya kaburi lake.

Lakini nilisema nusu. Siku ile aliponiambia hayo, akiwa mgonjwa kitandani, Annet aliendelea: "Hiyo ni sehemu ndogo, Makau. Vinasaba vilivyo vingi hutoka kwa baba na mama. Na mimi si mchungwa."

Hilo nililielewa. Sijui kama ningelisema angeenda Vihiga. Sijui nimemkosea nani zaidi, yeye ama babake.

Ameniacha mimi, mke wangu Kasiva na watoto wetu wawili. Kwenye karatasi mlizoshika orodha inaishia hapo, niliiandika mimi. Ameacha pia baba yake mzazi, Mzee Shiundu, yule amesimama nyuma kabisa karibu na ua.

Mzee, nisamehe. Njoo mbele, udongo wa kwanza ni wako.

Annet, pumzika. Babako ndiye huyu anakuja.