Nguo Aliyojifumia Dieudonné Namegabe

Ndugu, jamaa, majirani wa Mutakura, na ninyi mliotoka Uvira na Bukavu kuja kulia pamoja nasi, mimi ni Irène, dada mdogo wa marehemu, na karatasi hii ilipaswa kusomwa na kaka yetu mkubwa Anselme, lakini jana aliirudisha mezani akasema hatasoma mbele ya watu historia ya marehemu yenye neno kufuma, basi naisoma mimi, na neno hilo sitaliruka. Mnajua pia, maana Mutakura haina siri, kwamba tangu Ijumaa hatukuelewana kuhusu nguo ya kumzikia, Anselme alinunua suti nyeusi akisema mtu anayezikwa na nguo aliyojitengenezea ni mtu asiye na familia, mjane Prudence alishika triko, yaani sweta la vifungo alilolifuma marehemu mwenyewe, akasema mkimvalisha suti mtakuwa mnazika mtu mwingine, na mpaka leo asubuhi hakuna aliyelegeza.

Dieudonné Namegabe alizaliwa tarehe 14 Machi 1974 huko Kabare, Kivu ya Kusini, mtoto wa pili kati yetu watatu, akaanza shule ya msingi mwaka 1980, na mwaka 1985 alivunjika mguu, akalazwa kwa muda mrefu, na wanawake waliokuwa wakilinda wagonjwa wao ndio waliomfundisha kufuma, kwa vyuma viwili vya gurudumu la baiskeli vilivyosuguliwa juu ya jiwe. Alirudi nyumbani na kofia aliyoifuma mwenyewe, baba akaitupa chooni akisema mwanaume hushika jembe au kitabu, na kesho yake mtoto akaanza nyingine. Akaivaa shuleni, na aliyepigana kwa ajili ya kofia hiyo alikuwa Anselme, hilo nalo liandikwe, maana ngumi zile alizipokea yeye.

Alipata diploma ya sekondari Bukavu mwaka 1994, vita vikamleta Bujumbura mwezi wa sita 2004, na tarehe 1 Februari 2005 aliajiriwa katika duka la vifaa vya ujenzi la Mzee Anouar, katika mtaa wa Asiatique. Joto la mji huu halitaki sufu, kwa hiyo alinunua masweta ya pamba ya mitumba, akayafumua, akafuma mashati ya mikono mifupi na kuyavaa kazini, wachukuzi wakamwita Mama Triko, naye akaitika na kuendelea kupima misumari. Mzee Anouar ameniambia kwamba wiki ya kwanza alitaka kumkataza, kisha akaona watu wanaingia kumcheka na wanatoka wamenunua simenti.

Tarehe 18 Agosti 2007 tulikwenda Musaga kutoa mahari ya Prudence, sisi wote katika suti na vitenge, na Dieudonné akashuka garini amevaa koti jeupe la pamba alilolifuma, nikamwona Anselme anafumba macho. Mjomba wa binti, Mzee Népomuscène, aliyeketi hapa mbele, aliwanyamazisha watu akauliza, «Ile koti, nani alimufumia?», na jibu baya lingeturudisha nyumbani bila mke. Kaka yangu hakuinamisha kichwa, alisema, «Ni mi mwenyewe, mzee.» Mzee alimzunguka, akavuta mkono wa koti kuona kama utafumuka, akasema, «Basi uyu hatamusumbua mutoto wetu juu ya kifungo,» na tukapewa mke. Mungu aliwajalia watoto wawili, Joëlla, aliyezaliwa tarehe 3 Mei 2009, na Armel, tarehe 30 Septemba 2012.

Mwezi wa tatu mwaka huu wa 2025 alianza kuumwa tumbo, madaktari wakakuta uvimbe, na akiwa kitandani hospitalini alianza triko la kijivu, dogo, Joëlla akamwambia, «Papa, kama ni yangu, mi sitaivaa,» naye akajibu, «Apana, mama, ile si yako,» tukaamini ni la Armel. Mara mbili alifumua kazi yote akaanza upya, ndogo zaidi, tukadhani dawa zinamchanganya. Alifariki Ijumaa, tarehe 22 Agosti.

Leo asubuhi, na haya hayamo kwenye karatasi, Anselme na Mzee Népomuscène waliingia kumvalisha, Prudence akabaki mlangoni na mfuko wake. Suti ilinunuliwa kwa kipimo cha Anselme, kwa sababu tangu ujana walivaa namba moja, nayo ilimmeza ndugu yetu, mikono ikafunika vidole, kola ikakaa mbali na shingo, wakabana pini mgongoni na bado haikukaa. Ndipo Prudence, aliyekuwa peke yake kushuku ni la nani, akatoa lile triko la kijivu, likamkaa mabegani, likamkaa kifuani, mikono ikaishia pale pale penye kifundo. Alikuwa akijipima. Kila alipokonda alifumua na kuufuata mwili wake, alijua anakokwenda, na hakumwambia yeyote kati yetu, na hilo linaniuma kuliko kifo chenyewe. Aliyefunga vifungo ni Anselme, kimoja kimoja, kisha akatoka nje, akakaa kwenye ngazi, akaniambia, «Irène, soma yote.» Nimesoma yote.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomshika mkono, majirani waliopika na kulala nasi msibani, Mzee Anouar na wafanyakazi wenzake waliofunga duka leo, na wote ambao kwa udogo wangu sikuwataja. Kabla ya kwenda makaburini jeneza litafunguliwa, piteni mmuage, na anayetaka kuangalia nguo yake aiangalie bila haya.

Kaka, umevaa vizuri, pumzika kwa amani.