Mwisho Kwanza

Ndani ya boti iliyotoka Bukavu, Angèle alijifanya amelala ili asikie vizuri. Mama Jeanine, muuza vitenge, alikuwa akimtolea mwalimu Birindwa hukumu ya vitabu alivyosoma yeye mwenyewe karibuni. Cha mapenzi kinalia mno. Cha upelelezi hakina kitu, muuaji anajulikana mapema.

"Vyote nasomaka mwisho kwanza," akaongeza.

Angèle akaona huyo mpelelezi wa kitabuni ameonewa.

"Mama, unaharibu utamu!" mwalimu akasema. "Raha ya kitabu ni njia."

"Nimekimbia vita mara tatu, papa. Kila mara kitabu kinabakia mu nyumba, nikiwa katikati ya kukisoma. Njia nimezitembea. Mwisho ndio sijaona."

Boti ikafika Goma. Mama Jeanine akajitwika mzigo, akashuka. Mwalimu alibaki ameketi na riwaya yake, kidole kwenye ukurasa wa mwisho, hajaufungua.