Hatumfichi Tena Mtu: Risala ya Kikundi cha Tusemezane, Izigo

Mgeni rasmi, Dokta Rosalina Masele; Mheshimiwa Diwani; Baba Mchungaji; wanakikundi wenzetu na majirani mliojaa mpaka nje ya mlango:

KARIBU IZIGO

Karibu sana, waitu, ndugu yetu! Tangu tuliposikia kwamba umekubali kuja, hapa hapakaliki. Njia imefagiwa mara mbili, na kwaya imefanya mazoezi mpaka sauti zimekauka. Utuwie radhi tukishangilia kupita ratiba. Hatujawahi kupata mgeni aliyetoka Bukoba kwa ajili ya jambo ambalo zamani tulilisema kwa kunong'ona.

TULIKOTOKA

Mgeni rasmi, kijiji chetu kilikuwa na watu wengi "walioko Mwanza." Ukimuuliza Verdiana, katibu wetu anayekusomea risala hii, "Mbona kaka yako Projestus haonekani?" alikuwa akikujibu, "Yuko Mwanza, kapata kazi."

Projestus hakuwa Mwanza. Alikuwa chumba cha nyuma, katikati ya migomba ya kibanja, akisikia sauti zinazomtukana, na mlango umefungwa kwa nje. Alikaa humo miezi saba. Si kwamba dada yake hakumpenda. Aliogopa neno. Siku Projestus alipoanza kuongea peke yake sokoni, watoto walimfuata wakiimba "chizi, chizi," na sisi watu wazima tulicheka. Verdiana aliona tulivyocheka.

Mwaka juzi, Jumapili moja ya Oktoba, wakati wa matangazo kanisani, Verdiana alisimama akasema, "Kaka yangu hayuko Mwanza. Yuko nyumbani. Ana ugonjwa wa akili, na mimi nimechoka kudanganya."

Kanisa zima likageuka kumtazama. Kisha mzee Ndyamukama, ambaye hata kwenye vikao vya ukoo huwa hasemi, akainuka taratibu. "Hata mwanangu Derick hayuko Mwanza," akasema.

Akainuka na mama mwingine. Tulipotoka, zilikuwa familia tano. Alasiri ile tulikwenda watu kama ishirini kwa Verdiana, mlango ukafunguliwa, na kesho yake Projestus akapelekwa hospitali. Kikundi chetu kilianzia hapo.

TULIYOFANIKISHA

Tulianza na midomo yetu wenyewe. Tulikubaliana kuacha kusema "chizi," "kichaa" na "fyuzi zimekatika," hata kwa utani, hata kwenye pombe ya rubisi. Tunasema fulani anaumwa, fulani anatibiwa, na tunamwita kwa jina lake. Haikuwa rahisi! Siku ya kwanza tu, mwenyekiti wetu Lwakatare alimfokea mbuzi aliyeingia shambani, "Toka, chizi wewe!" Wanakikundi wakamtaka amwombe mbuzi radhi. Akamwomba, huku tumeshika mbavu.

Mgeni rasmi, kliniki ya Jumatano kwenye zahanati yetu ilikuwa ikiitwa "siku ya vichaa." Wagonjwa walipita kwenye mibuni ili wasionekane. Muuguzi wetu, sista Ephrasia, alilikataa jina hilo mbele ya foleni nzima. Wakati ule walihudhuria watu wanne. Mwezi uliopita walikuja thelathini na mmoja, wawili wakivuka kwa mtumbwi kutoka visiwani, na wote walipita njia kuu!

Naye Projestus amerudi kwenye besi ya kwaya. Umemsikia asubuhi hii.

LINALOTUKWAZA

Machi mwaka huu dawa ziliisha kwa wiki tano. Projestus alisema mwenyewe kikaoni, "Jamani, silali. Zile sauti zinarudi. Nisaidieni kabla sijashindwa kuwaomba." Lwakatare alimpakia kwenye pikipiki yake saa ileile, wakaenda Bukoba, dawa zikapatikana.

Derick hakusema, na sisi hatukumuuliza. Alitoka nyumbani alfajiri, akapanda mtumbwi wa wachuuzi wa dagaa. Tulimtafuta siku tisa. Siku ya kumi simu ya mzee Ndyamukama ililia. Aliyepiga alikuwa mvuvi mmoja wa kisiwani, Mayenga, ambaye mzee hakumjua hata kidogo.

"Mzee, tuko na kijana wako Derick," alisema. "Anaumwa, lakini amekula. Njooni mumchukue, tunakaa naye."

Hakusema "kuna kichaa wenu huku." Mzee aliketi chini palepale akalia, kisha akacheka, kisha akalia tena. Baadaye tuligundua kwamba Mayenga ndiye huwavusha wale wawili wa visiwani wanaokuja kliniki ya Jumatano, na kutoka kwao amejifunza tunavyosema. Maneno yetu yalikuwa yamefika ziwani kabla yetu!

TUNACHOOMBA

Tunaomba dawa zisiishe tena. Maneno tunaweza kuyabadilisha wenyewe, na tumeyabadilisha. Dawa hatuwezi kuzitengeneza. Tunaomba pia sista Ephrasia apate mwenzake, maana anahudumia watu thelathini na mmoja peke yake na hajawahi kutulalamikia. Na wenzetu wa Ngenge wameomba kuanzisha kikundi; utusaidie wapate kliniki, wasije wakazungumza bila kuwa na pa kwenda kutibiwa.

La mwisho ni dogo. Tumepika ndizi na samaki, na tumekuwekea kiti kati ya Projestus na Derick. Ukitaka kujua hali zao, usituulize sisi. Waulize wenyewe, watakujibu.

Mungu akufikishe salama kwako, aitie nguvu mikono yako, naye azilinde ndimi zetu.

Ni sisi,
Wanakikundi wa Tusemezane,
Izigo, Muleba.